Unaenda kusoma Japani? Kuinama utajifunzia huko, we anza na makaratasi

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, nimepata nafasi ya kusoma masta Kobe, naondoka mwisho wa mwezi wa tisa. Nimeangalia video nyingi za Japani, wote wanaongelea kuinama, vijiti na kuvua viatu mpaka nimeanza kuogopa. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu, Kijapani sijui zaidi ya salamu. Mume wangu atabaki na watoto ila anataka kuja kunitembelea siku kumi mwezi wa nne. Naomba uniambie nijiandae na nini hasa, na nibebe nini.

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, hiyo nafasi wengi wanaitafuta. Kazi yangu huku Kansai, yaani eneo lenye Kobe, Osaka na Kyoto, ni kupokea wanafunzi wa kigeni na kuwasaidia wakae sawa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, chukua chai kabisa.

Hayo ya kuinama na vijiti yatoe kichwani, yaani kweli kabisa, Mjapani akiona mgeni hategemei ajue kila kitu, ukiinamisha kichwa kidogo na kutabasamu umemaliza, vijiti usivichomeke wima kwenye wali maana hivyo ni vya msibani, viatu utavua pale pale penye ngazi ndogo mlangoni na wewe umelelewa Tanga kuvua viatu mlangoni hujaanza jana, ndala za chooni ziache chooni, kwenye treni simu ikiita usipokee, ngazi za umeme huku Kansai wanasimama kulia na Tokyo kushoto. Basi, adabu zimeisha. Ukikosea watu watakusamehe na pengine hawatakuambia hata kama umekosea. Kinachowaumiza wageni ni tarehe, fomu, bahasha, jina lililoandikwa kwa namna mbili tofauti. Hapo hakuna cha ugeni wala cha uenyeji, nimeona watu wenye akili nyingi sana wanalia kwa ajili ya karatasi moja, kwa hiyo maneno yangu mengi leo yatakuwa huko.

Tuanze uwanja wa ndege. Ukipita Doha au Dubai utatua Kansai, ule uwanja uliojengwa baharini. Kile cheti chuo walichokutumia ukaombea viza, kiwe kimechapishwa na kiwe kwenye mkoba wa mkononi, usikitie kwenye sanduku maana sanduku utalipata baada ya uhamiaji na wao wanakitaka kabla. Pale pale watakuchapia kadi ya ukaazi, inaitwa zairyu kado, ina picha yako. Hiyo kadi ndiyo maisha yako, kuanzia siku hiyo kisheria unatembea nayo kila mahali hata ukienda kununua mkate, polisi ana haki ya kuiomba na usipokuwa nayo faini inaweza kufika yen 200,000.

Na usiondoke kwenye kile kidawati kabla hujatoa fomu ya kuomba ruhusa ya kazi ya muda. Ni karatasi moja, haina malipo, mwanafunzi anayeingia mara ya kwanza anaweza kuiomba hapo hapo uwanjani na wanagonga muhuri nyuma ya kadi. Hata kama una udhamini na unasema mimi sitafanya kazi, iombe tu, maana ukija kubadili mawazo mwezi wa pili itabidi uende ofisi ya uhamiaji upange foleni na usubiri wiki kadhaa. Ruhusa yenyewe ni saa 28 kwa wiki, na ni saa 28 za kazi ZOTE ukijumlisha, siyo 28 hapa na 28 pale, likizo ndefu za chuo ndiyo unaruhusiwa mpaka saa nane kwa siku. Kazi za baa na vilabu vya usiku haziruhusiwi hata kama ni kuosha vyombo. Saa zikizidi utashtukia wakati wa kuongeza viza, wanaangalia karatasi za kodi, na watu wamerudishwa nyumbani kwa hilo, naomba usicheze nalo.

Sasa siku 14 za kwanza. Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda ofisi ya wilaya ya mji, wanaita kuyakusho, Kobe ina wilaya tisa na unaenda ya mtaa wako. Mpangilio wa mambo ni muhimu sana hapa kwa sababu kila kitu kinafungua kingine: bila anwani nyuma ya kadi hupati laini ya simu ya kudumu, bila namba ya simu benki nyingi hazikufungulii akaunti, bila akaunti hela ya udhamini haiingii. Kwa hiyo kuyakusho kwanza, simu pili, benki tatu, na hela ya kuishi angalau mwezi mmoja na nusu njoo nayo mkononi au kwenye kadi ya Visa au Mastercard inayokubali nje, mashine za hela za 7-Eleven zinazikubali kadi nyingi za kigeni na zina Kiingereza.

Pale kuyakusho usiandikishe anwani tu ukaondoka, kuna madirisha mengine mawili. Moja ni bima ya afya ya taifa, ni lazima, inalipa asilimia 70 ya matibabu we unalipa 30, na kwa mwanafunzi ambaye mwaka uliopita hakuwa na kipato Japani mchango ni mdogo, ila waambie wazi huna kipato na ujaze tamko la kipato kila mwaka wakikutumia. Dirisha la pili ndilo watu wengi wanaliruka: pensheni ya taifa. Kila mtu wa miaka 20 mpaka 59 anayeishi Japani anatakiwa kuchangia, hata mgeni, hata mwanafunzi, na mchango ni zaidi ya yen 17,000 kwa mwezi. Kuna msamaha maalumu wa wanafunzi, unaitwa gakusei nofu tokurei, unajaza fomu na kuonyesha kitambulisho cha chuo na wanakusogezea malipo, lakini lazima UOMBE, na kila mwaka uombe upya. Usipoomba deni linapanda kimya kimya halafu siku moja unapata bahasha ya rangi kali. Nawajua kadhaa waliopata bahasha hiyo na wakaiweka kwenye droo kwa sababu hawakujua inasema nini.

Hapo hapo kwenye bahasha. Japani bado ni nchi ya barua, mji unaandika, benki inaandika, kampuni ya gesi inaandika, zote kwa Kijapani. Usitupe hata moja. Fungua, ielekeze kamera ya simu ikiwa na programu ya kutafsiri, utajua kama ni bili au ni tangazo tu, ukishindwa ibebe nenda nayo ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, au pale Kobe kuna kituo cha kusaidia wageni kinaitwa KICC, wamezoea. Bili nyingi unalipa konbini, yaani yale maduka madogo ya saa 24, unampa karani karatasi anapiga mashine unalipa unapewa kipande chako, kitunze.

Jambo moja dogo ambalo limesumbua Watanzania wengi ninaowajua ni jina. Sisi tuna majina matatu, na kwenye kadi yatatokea yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti. Halafu benki na kampuni ya simu wanataka jina hilo hilo kwa herufi za katakana, zile za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, na hapo ndipo balaa, kwa mfano Mwanahamisi kuna atakayeandika kwa kuanza na “mu” na mwingine akaanza na “muwa”, ukiwa simu imeandikwa hivi na benki vile, siku unataka bili ya simu ikatwe benki mashine inakataa na hakuna anayekuambia kwa nini. Kabla hujaenda popote kaa na mtu wa chuo mkubaliane jina lako linaandikwaje kwa katakana, liandike kwenye karatasi, lipige picha, na kila fomu mpaka siku unaondoka Japani nakili hiyo hiyo herufi kwa herufi.

Kuhusu nyumba, mwaka wa kwanza kama chuo wanakupa hosteli ichukue hata kama ni ndogo. Mtaani kuna amana, kuna hela ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, kuna dalali, kuna kampuni ya kukudhamini, ukijumlisha unaweza kutoa kodi ya miezi minne au mitano siku ya kwanza, na chumba chenyewe kinakuja hakina taa, hakina pazia, hakina jiko. Ukija kuhama baadaye ulizia nyumba za UR, ni za shirika la umma, hazina hela ya shukrani wala dalali wala mdhamini, ila wana masharti ya kipato au akiba. Siku unaingia chumba chochote piga picha kila doa na kila mkwaruzo kabla hujaingiza begi, siku ya kutoka zitakusaidia kurudishiwa amana. Gesi lazima uwepo nyumbani wakija kuifungua, kwa hiyo panga siku mapema usije ukaoga maji baridi.

Sasa majirani. Ukitaka kugombana na majirani Japani kuna njia mbili tu, taka na kelele. Taka Kobe zinatolewa kwenye mifuko maalumu ya mji iliyoandikwa aina ya taka, unainunua konbini au supamaketi, za kuungua mfuko wake, plastiki za vifungashio mfuko wake, makopo na chupa pamoja na chupa za plastiki mfuko wake, visivyoungua mfuko wake, na kila aina ina siku yake. Unatoa asubuhi kabla ya saa mbili, usitoe usiku, kunguru wa huku wanapasua mifuko mtaa mzima ukachafuka. Chupa ya maji ukimaliza unatoa kizibo na ile karatasi ya jina, hivyo viwili ni plastiki, chupa unaisuuza ndiyo inaenda kwenye mfuko wake. Ukikosea gari linaacha mfuko wako na kibandiko juu yake, na mfuko unabaki pale kila jirani anauona. Kitu kikubwa kama godoro au kabati hakitolewi hivi hivi, unapiga simu au unaomba kwa intaneti, unanunua stika konbini unabandika, wanakuja siku waliyopanga. Chukua kalenda ya taka siku ile ile uliyoenda kuyakusho, ipo ya Kiingereza, ibandike kwenye friji. Na njiani hutaona mapipa ya taka, mengi yaliondolewa baada ya lile shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo mwezi wa tatu 1995, kwa hiyo tembea na kimfuko kwenye mkoba, taka yako unarudi nayo nyumbani.

Kelele, hili nakuomba ulielewe vizuri kwa sababu wewe una watoto nyumbani. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita. Watoto wakimaliza kula saa mbili usiku Tanga, wewe Kobe ni saa nane usiku, na kuta za vyumba vya huku ni nyembamba mno. Sisi tukipiga simu nyumbani tunaongea kwa nguvu, tunacheka, tunaita mpaka jirani aje asalimie kwenye kamera, na jirani wa Kijapani hatagonga mlango wako hata siku moja, atampigia msimamizi wa jengo, msimamizi atapigia chuo, na wewe utashangaa unaitwa ofisini kwa jambo ulilofanya wiki tatu zilizopita. Panga na mume wako mapema, saa kumi jioni watoto wakitoka shule kwako ni saa nne usiku, hapo bado ni afadhali ukitumia spika za masikioni na ukaongea taratibu, au siku za wikiendi saa nne asubuhi ya Tanga ambayo kwako ni saa kumi jioni. Hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, unaweza ukatoka bustanini ukaongea unavyotaka.

Chakula. Umebahatika kupata Kobe, msikiti wa Kobe ndio wa kwanza kujengwa Japani, ulifunguliwa 1935, mabomu ya 1945 ukabaki, tetemeko la 1995 ukabaki, na kutoka stesheni ya Sannomiya ni mwendo wa miguu tu. Jirani yake kuna maduka ya halali, utapata nyama ya mbuzi, mchele mrefu wa basmati wa pilau maana mchele wa Kijapani unagandana, unga wa chapati, iliki, bizari, mdalasini, vyote vipo kwa hiyo usijaze begi viungo. Kuku wa Brazili wa kugandisha mwenye alama ya halali utampata supamaketi za Gyomu Super kwa bei nafuu, angalia alama kwenye kila pakiti, usiamini duka tu, na tui la nazi la kopo lipo hapo hapo. Samaki ndiyo usiseme, vibua wapo wazuri sana, na vile visamaki vikavu wanavyochemshia supu, niboshi, ukivikaanga na nyanya na kitunguu unajiona uko nyumbani na dagaa. Bamia zinajaa majira ya joto. Sembe kuna maduka ya vyakula vya Kiafrika yanayouza kwa intaneti ila bei imesimama.

Cha kuogopa ni kisichoonekana. Herufi 豚 ni nguruwe na 酒 ni pombe, zikariri hizo mbili kabla hujapanda ndege. Nguruwe anaingia kwenye supu za tambi, kwenye vipande vya kiungo cha mchuzi wa kari, mafuta yake yanaingia kwenye mikate na biskuti, jelatini kwenye pipi na mtindi, pombe ya kupikia inaingia karibu kila mchuzi mtamu. Ukiwa mgahawani ukisema huli nguruwe watakutolea vipande vya nyama, mchuzi wakauacha ule ule, siyo ubaya ni kwamba hawajui, kwa hiyo mwambie mtu wa chuo akuandikie kadi ndogo kwa Kijapani inayosema huli nguruwe, mafuta yake, supu yake, na pombe ya kupikia, unaonyesha kabla hujakaa. Hijabu haitakuletea shida, watoto watakukodolea macho kidogo basi. Kuswali chuoni ulizia, vingi vina chumba cha utulivu. Na hina, kama utakuja na piko mkononi ukitaka kwenda mabwawa ya maji moto uliza kwanza, mengi yanakataza michoro ya mwilini na mhudumu hawezi kutofautisha.

Ukiumwa usikimbilie hospitali kubwa. Hospitali kubwa bila barua ya rufaa wanakuongezea angalau yen 7,000 juu ya matibabu, unaanza kliniki ndogo ya mtaani, cheti cha dawa unapeleka duka la dawa la nje na kinaisha muda siku nne tu. Ambulensi ni 119 na haina malipo, polisi 110. Lakini nisikilize hapa: ukipata homa ndani ya wiki za kwanza, au kila ukirudi kutoka likizo nyumbani, mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba umetoka Tanzania na unaomba upimwe malaria. Daktari wa kliniki ya mtaani huku anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuona mgonjwa wa malaria, atakuona una mafua atakupa dawa ya kushusha homa akurudishe nyumbani. Mwombe barua ya rufaa kwenda hospitali yenye idara ya magonjwa ya kuambukiza, siku hiyo hiyo. Malaria haisubiri wiki ijayo.

Tetemeko. Kobe wanalijua, tarehe 17 Januari 1995 walikufa watu zaidi ya 6,400. Simu yako italia kwa mlio wa kutisha sekunde chache kabla ya mtikisiko, usikimbilie nje, ingia chini ya meza, linda kichwa, ukitulia ndiyo ufungue mlango usije ukabanwa. Pakua programu inaitwa Safety tips, ya serikali, ina Kiingereza. Weka begi karibu na mlango lenye maji, tochi, betri ya kuchajia simu, chenji za yen, dawa zako, kopi ya pasipoti. Jua shule ipi ya mtaa wenu ndiyo mahali pa kukimbilia. Na wewe unafika msimu wa vimbunga, 2018 kimbunga kilifurika uwanja wa Kansai na meli ikagonga daraja lake, kwa hiyo ukisikia treni zinatangazwa kusimama kesho, nunua mkate na maji leo ukae ndani.

Baiskeli utahitaji, Kobe ina vilima ila tambarare za karibu na bahari ni nzuri. Kila baiskeli ina namba ya usajili wa polisi, na hapa ndipo wengi wanapata mshtuko: rafiki anahitimu anakuachia baiskeli yake bure, unafurahi, wiki ya pili usiku polisi anakusimamisha kwa adabu kabisa, anasoma kile kibandiko anapiga redioni, jina linatoka la mtu mwingine ambaye tayari ameshaondoka nchini, mnasimama hapo barabarani nusu saa. Ukipewa baiskeli mwambie akuandikie karatasi ya kukuhamishia na mwende kubadilisha usajili kabla hajaondoka. Kuendesha huku umeshika simu tangu Novemba 2024 adhabu imekuwa kali, inaweza kufika kifungo cha miezi sita au faini ya yen 100,000. Upande ni kushoto kama nyumbani.

Mume wako. Viza ya kutembelea aombe ubalozi wa Japani Dar, watataka barua yako ya kumwalika na ratiba ya siku kwa siku, kwa hiyo mwezi wa kwanza muwe mmeshaanza. Mwanzoni mwa mwezi wa nne ni maua ya sakura, pazuri mno ila hoteli za Kyoto zinapanda vibaya, na kuanzia tarehe 29 mwezi huo mpaka tarehe 5 mwezi wa tano nchi nzima iko safarini, msiingie humo. Hosteli nyingi hazikubali mgeni alale, uliza kabla hujamwahidi. Ile tiketi maarufu ya watalii ya JR Pass ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 mpaka 50,000, na wewe ukiwa na viza ya mwanafunzi huruhusiwi kuinunua, yeye tu. Shin-Kobe mpaka Tokyo ni kama yen 15,000 kwenda, karibu saa tatu, kwa hiyo hata kwenda na kurudi haifiki bei ya pasi, achaneni nayo. Kaeni Kobe mzunguke, Himeji na ngome yake ni dakika 40 kwa treni ya kawaida, Kyoto chini ya saa moja, Nara kuna treni ya moja kwa moja kutoka Sannomiya, Hiroshima kama saa moja na robo kwa shinkansen, ile treni ya kasi, siku kumi zitajaa na hela itabaki. Kila mmoja awe na kadi ya ICOCA, unaweka hela unagusa getini, inalipa mabasi na konbini pia. Mabegi yake makubwa ya Kariakoo, ukijumlisha urefu, upana na kimo yakizidi sentimita 160, shinkansen ya njia hiyo inataka ukate kiti chenye nafasi ya begi mapema, ni rahisi zaidi kuyatuma kwa kampuni ya vifurushi toka uwanja wa ndege, kesho yake yako mlangoni.

Na wewe siku utakayokwenda likizo Tanga, pale uwanjani wakati wa kutoka kuna kikaratasi chenye kiboksi cha kusema utarudi ndani ya mwaka mmoja. Kiweke alama, hakikisha kwa macho yako. Usipoweka, ukaazi wako unaishia pale na unaanza viza upya.

Cha kubeba sasa. Umeme wa huku ni volti 100 na soketi ni ya pini mbili bapa, chaja za simu na laptopu zinakubali, pasi na birika la Tanzania viache. Nywele za kusuka, mafuta ya nywele na losheni nzito beba za kutosha, saluni za nywele zetu ni chache na bei kubwa, na Desemba ngozi inakauka mpaka inapasuka. Viatu, kama unavaa zaidi ya namba 40 beba viwili vya ziada. Koti la baridi usinunue Tanga, njoo ununue la mtumba huku, maduka ya mitumba yana makoti mazuri sana, ila njoo na suruali za ndani za kuvaa chini ya dira maana nyumba za huku hazishiki joto, ndani ni baridi kuliko unavyofikiria. Nyama ya aina yoyote hata iliyokaushwa, soseji, matunda mabichi kama embe, usibebe kabisa, mbwa wa kunusa wapo pale pale kwenye mabegi. Mafunzo ya Kijapani NHK World, shirika la utangazaji la Japani, wanayo kwa Kiswahili bure, anza leo hata dakika kumi kwa siku, matamshi hayatakusumbua, irabu zao ni tano kama zetu.

Dawa nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinataka uanze mapema. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi na dawa za kikohozi zenye kodeini nyingi zimekatazwa, ni kosa la jinai siyo la kunyang'anywa tu. Dawa za daktari unaruhusiwa za mwezi mmoja, zikizidi hapo unaomba cheti cha kuingizia dawa kutoka wizara ya afya ya Japani, kwa intaneti, bila malipo, ukiwa na barua ya daktari yenye jina la dawa na kiasi kwa Kiingereza. Kama kuna kitu unameza kila siku, presha, sukari, pumu, chochote, nenda kwa daktari wako wiki hii akuandikie hiyo barua, usisubiri mwezi wa tisa.